Gari la Kijerumani Lilivyochemsha Mlangoni kwa Mama Mkwe

Jamani, leo nimedhalilika. Tena si kule kudhalilika kwa kujikwaa barabarani ukainuka ukajikung'uta vumbi. Nimedhalilika nikiwa chali, chini ya gari, ukweni.

Naandika haya nikiwa nimeoga na kuoga tena, na bado nanuka oili. Anayesoma huku ana chai mdomoni, aimeze kwanza.

Leo wazee wangu walikuwa wanapeleka posa kwa kina Anitha, kule Igamba. Anitha mnamjua. Ndiye aliyenivumilia chuoni nilipokuwa naondoka darasani kwenda kuhakikisha kama nimefunga mlango wa bweni. Sasa, nyumbani kwao mila ya Kinyiha inashikwa barabara. Mwanaume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso mpaka siku ya mahari, mama akishapewa blanketi lake. Ukimwona njiani, unachepuka. Yeye akikuona, anajifunika kitenge na kugeuka. Na si mzaha! Dada yake Anitha aliwahi kuposwa na bwana mmoja wa Vwawa, mtu wa ofisini. Yule bwana akaingia jikoni kumsalimia mama kwa kumshika mkono, akidhani anaonyesha upendo. Posa ikafia pale pale. Wazee wake walirudishwa kabla chai haijapoa.

"Kwa hiyo wewe usije," Anitha aliniambia. "Wazee waje peke yao. Wewe baki Tunduma, utulie, kama unaweza kutulia."

(Siwezi.)

Ningebaki kweli, kama si gari la baba mdogo Festo.

Baba mdogo anasafirisha mizigo hapa mpakani. Ana gari moja dogo la Kijerumani, jeusi, la zamani, lile la mwendo kasi, alilolinunua kwa Mzambia mmoja aliyekuwa analiuza huku anatabasamu kupita kiasi. Kampuni iliyolitengeneza siitaji, kwa sababu haina kosa. Ilitengeneza gari la barabara laini na matunzo, haikumtegemea baba mdogo. Kwanza amekata springi ili gari likae chini "kama chui anayenyatia". Pili, fundi wake ameitoa thamostati, kile kidude cha kudhibiti joto la injini, na kuitupa, akisema nchi hii haiihitaji. Tatu, taa ya injini ilipowaka na kukataa kuzimika, baba mdogo aliiponya mwenyewe kwa kuibandikia kipande cha selotepu nyeusi.

Mimi nilipendekeza basi dogo la kukodi. Baba mdogo alinitazama kama nimependekeza punda.

"Tunakwenda kuomba mke, hatuendi kuuza mahindi," alisema. "Wakisikia mlio wa hii injini, watajua watoto wetu hawalali njaa."

"Lakini baba mdogo, goti lako haliwezi klachi."

"Utaendesha wewe. Gari langu haliguswi na mtu baki."

"Mimi sitakiwi kuonekana kule!"

"Nani kasema uonekane? Utatushusha kwenye kona, chini kabisa, utageuza, utakaa ndani ya gari na vioo vyeusi. Kwani mama yake ana macho ya darubini?"

Sikulala vizuri. Bando lote la intaneti nililiteketeza kwa kusoma magonjwa ya injini hizi zikizeeka. Ndugu zangu, msisome vitu hivyo kabla ya safari. Tangi dogo la maji ni la plastiki, na plastiki ikizeeka inapasuka kama yai. Wota pampu, ile inayosukuma maji, nayo ndani ina mapanga ya plastiki, yanakatika. Oili inavuja kwenye gasketi ya juu na kudondokea kwenye bomba la moshi. Na kibaya kuliko vyote: mshale wa joto unasimama katikati kwa utulivu, unakudanganya kwamba mambo ni salama, halafu unaruka ghafla kwenye nyekundu wakati umeshachelewa.

Mshale wenye tabia kama yangu, ila mimi huanzia kwenye nyekundu.

Asubuhi tukaondoka. Mbele kushoto kakaa baba mdogo. Nyuma kakaa mshenga wetu, Mzee Simbeye, mwalimu mstaafu, ndani ya suti ya vipande vitatu na sweta juu yake, maana kulikuwa na baridi. Mimi nilivaa shati jeupe na viatu vipya. (Kwa nini, wakati sitakiwi kuonekana? Kwa sababu nilifikiri: je, nikionekana kwa bahati mbaya? Basi nionekane vizuri.)

Tulipokuwa tunajipenyeza kwenye foleni ya malori, nikasikia harufu tamu. Tamu kama pipi inayoungua.

"Baba mdogo, hiyo ni harufu ya maji ya rejeta."

"Hiyo ni harufu ya pesa za watu. Tunduma hii. Endesha."

Tukapita Mpemba, mshale katikati. Tukapita Vwawa, mshale katikati. Nikautazama mshale zaidi ya nilivyotazama barabara, mpaka Mzee Simbeye akauliza kutoka nyuma kwa upole kama dereva anaumwa shingo. Tulipokaribia Mlowo, ukatikisika. Kidogo tu. Upana wa unywele. Nikajua umeanza.

Sasa, nilikuwa nimesoma kwamba injini ikianza kuchemsha, unawasha hita ya ndani kwa nguvu zote, ili joto litoke kwenye injini liingie kwa abiria. Nikawasha hita. Mpaka mwisho.

Kwanza wazee walifurahi. Mzee Simbeye akasema Wajerumani ni watu wa huruma. Baadaye kidogo akavua sweta. Halafu koti. Halafu nikamwona kwenye kioo anafungua vifungo vya kizibao, jasho likimchuruzika kwenye ndevu.

"Mwanangu," akasema, "unatupeleka kwenye posa au unatupika?"

"Vumilia, mwalimu. Ninyi sasa hivi ni sehemu ya rejeta."

"Nani?!"

"Zima hiyo kitu!" baba mdogo akafoka.

"Nikizima, hatufiki."

"Na usipozima, watapokea maiti zilizoiva!"

Lakini mshale ulikuwa umetulia, kwa hiyo sikuzima. Tukaiacha lami pale Mlowo, tukashika barabara ya vumbi ya kwenda Igamba, tukipanda taratibu kati ya mashamba ya kahawa. Watu waliotuona walipunga mikono. Wazee wangu walipunga pia, vichwa vikiwa nje ya madirisha, ndimi karibu zinaning'inia.

Kona ya kunishusha roho ilikuwa mbele. Kona niliyopaswa kusimama, wazee washuke, mimi nigeuze. Nikakanyaga breki.

Baba mdogo akasema, "Hapa mbali mno. Mwalimu amelowa kama katoka kubatizwa. Sogea kidogo."

Nikasogea kidogo.

"Kidogo tena."

Na hapo, jamani, mbele kabisa ya lango la kina Anitha, mshale uliacha kunidanganya. Ukaruka. Boneti ikatoa *pwaaaaaa!* na wingu jeupe likatufunika wote. Injini ikakohoa, ikazima. Kuku wa ukweni wakatawanyika. Ndani ya uwanja nikasikia mtu akipiga kigelegele, maana alidhani tumepiga fataki.

"Wametusikia," akasema baba mdogo, akikaza tai. "Sisi tunaingia. Ukiulizwa, wewe ni fundi. Usiuonyeshe huo uso."

Wakaingia. Nikabaki peke yangu na jini la mvuke.

Nikafungua boneti. Tangi la plastiki lilikuwa na ufa unaocheka. Nilisimama nikifikiria: nisubiri lipoe, lipoe kiasi gani, na je, kama hedi, kichwa cha injini, imeshapinda, na je, kama Anitha... Simu ikalia. Ujumbe wa Anitha, herufi kubwa tupu:

"MAMA ANALETA MAJI YA GARI. JIFICHE!!!"

Nikatazama kushoto. Mibuni ilikuwa imekatwa yote, visiki vinavyofika magotini. Nikatazama kulia. Uwanja mtupu, kahawa imeanikwa. Kurudi ndani ya gari? Milango yote wazi, wazee waliiacha hivyo ili wapate hewa hata baada ya kutoka. Nikasikia ndala zinakuja. Ndala za mtu mzima, zisizo na wasiwasi.

Nikaingia chini ya gari.

Mnakumbuka gari limekatwa springi. Mimi sikukumbuka. Niliingia kichwa kwanza, nimetoa pumzi yote. Nilipofika usawa wa kifua nikavuta pumzi. Basi. Sikwenda mbele, sikurudi nyuma. Kichwa kiko chini ya injini, miguu yote nje, imenyooka kama ya marehemu. Na ile oili niliyoisoma intaneti, ile inayovuja kwenye gasketi ya juu, ikaanza kunidondokea kwenye paji la uso. Ya moto. Tone. Tone. Nikifumba jicho la kulia, inakuja kushoto.

Ndala zikasimama.

"Fundi," ikasema sauti ya mama. "Hujambo huko chini?"

Akili yangu, ambayo huchukua saa nzima kuchagua soda, ilichagua papo hapo. Nitakuwa Mzambia.

"Bwino, mama!" nikasema kwa sauti nzito. "Bwino sana!"

"Aa, Mzambia!" akafurahi. "Mwafuma kwi?"

Sasa nani aliniambia kuwa mama huyu amewauzia Wazambia maharage Tunduma miaka na miaka, na Kibemba anakizungumza kama maji? Mimi Kibemba changu ni 'bwino', yaani 'nzuri', na bei ya nyanya. Aliniuliza natoka wapi. Nami nikajibu kwa furaha:

"Bwino!"

Nikaona vidole vyake vya miguu vikijikunja ndani ya ndala, kama mtu anayejizuia.

"Haya," akasema. "Tuongee Kiswahili basi, fundi. Huyo kijana mwenyewe, mposaji, yuko wapi?"

"Amebaki Tunduma, mama. Ana adabu sana. Anajua mila."

"Unamfahamu?"

Hapa, ndugu zangu, ningesema simfahamu. Mtu mwenye akili angesema simfahamu. Lakini nilifikiri: ni nani mwingine duniani atakayepata nafasi ya kujisifia kwa mama mkwe kabla ya posa kujibiwa?

"Namfahamu vizuri, mama. Kijana safi. Msomi. Mpole. Hanywi. Hana makuu. Ana sura nzuri pia."

"Sura nzuri?"

"Ya kawaida, mama, lakini ukiizoea ni nzuri."

"Mimi nimesikia ana wasiwasi. Kwamba alimpigia binti yangu simu usiku kumuuliza kama alipomwambia 'sawa' alimaanisha sawa."

(Anitha! Vitu vya ndani vile!)

"Si wasiwasi, mama," nikasema, oili ikiniingia puani. "Ni umakini."

"Na kazi anayo?"

"Anatafuta kwa umakini."

"Hm," akasema mama. Kisha nikasikia ndoo ikiinuliwa. "Basi pole na kazi. Ngoja nikusaidie, nifungue hiki kifuniko nikumwagie maji, maana naona gari bado linachemka."

Kifuniko!

Mnielewe hapo. Mfuniko wa tangi likiwa limechemka haufunguliwi. Ukifunguliwa, maji ya moto yanaruka kama risasi na kumchoma mtu uso. Nikatazama juu kupitia upenyo kati ya mabomba. Nikaona mkono wa mama ukiukunja mwisho wa kitenge, ukiuzungushia kifuniko. Mkono wa mtu aliyezoea kuepua masufuria na haogopi chochote.

Nikinyamaza, nabaki Mzambia, posa inapona, na mama anaungua. Nikisema, nimekwisha.

Kwa mara ya kwanza maishani sikufikiri.

"MAMA, USIFUNGUE!" nikapiga kelele, kwa sauti yangu mwenyewe, ile nyembamba, ya mtu aliyesoma mpaka chuo. "Kuna mgandamizo! Utaungua uso! Na maji ya baridi usimwage, hedi ni ya aluminiamu, itapasuka! Ondoa mkono, mama, tafadhali, ondoa mkono!"

Mkono ukabaki pale pale. Hakuondoa. Labda alishtuka. Nikasukuma ardhi kwa visigino, nikajivuta kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Shati likashikwa na boliti. Vifungo vikaruka. Nikaliacha shati huko huko, nikachomoka nikiwa na singlendi, nikasimama wima, nikamkamata mama mkwe wangu mkono na kuutoa kwenye kifuniko.

Nikamshika mkono. Kwa mkono. Kama yule bwana wa Vwawa.

Tukatazamana. Uso kwa uso. Karibu kiasi kwamba niliona hereni zake.

Tangi lenyewe likachoka kusubiri. Ufa wake ukafunguka, *fyaaa!*, maji ya moto yakaruka hewani pale kichwa cha mama kilipokuwa, yakaanguka juu ya injini na kububujika. Sote wawili tukarudi nyuma. Yeye akajifunika kitenge kichwani na kunipa mgongo, akaitazama mibuni iliyokatwa. Mimi nikampa mgongo pia, nikautazama ukuta wa choo chao. Tukasimama hivyo, kama walinzi wa mpaka.

Kelele zile zikaleta ukoo mzima. Baba yake Anitha. Shangazi zake. Anitha mwenyewe, mikono mdomoni. Mzee Simbeye na kizibao wazi. Na baba mdogo, aliyenitazama kuanzia singlendi mpaka kichwani na kuuliza mbele ya wote, bila hata aibu:

"Huyu nani?"

"Ni mimi, baba mdogo."

"Wewe nani?"

Shangazi mmoja akashika kiuno. "Si ndiye mposaji huyu? Nimemwona kwenye picha ya Anitha! Mama Anitha, umeonana naye? Mmeonana uso?"

Baba mdogo akafumba macho. Nikamwona Anitha akinitazama na machozi yakimlenga, nikajua ndiyo hivyo, miaka yote ile ya chuo inaishia kwenye tangi la plastiki. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Kwamba ndiyo, tumeonana.

Mama akatangulia. Aliongea akiwa bado ametupa mgongo, kwa sauti ya kutangaza msibani.

"Mimi," akasema, "sijaona uso wa mtu. Nimeona oili."

Shangazi akaja mpaka mbele yangu. Akanichunguza. Akapitisha kidole shavuni kwangu, akakitazama kidole kilivyokuwa cheusi, akawaonyesha wenzake.

"Kweli," akasema. "Hapa hakuna uso."

Wakaangua kicheko! Baba yake Anitha alicheka mpaka akashikilia lango. Mzee Simbeye, mwalimu wangu, mshenga wangu, mtu niliyemtegemea, alicheka huku anajipepea kwa kofia.

"Na mwambieni huyo fundi wenu Mzambia," mama akaendelea, bila kugeuka, "asifunge mdomo kwa soni. Nilimjua tangu mwanzo. Fundi gani amevaa viatu vyenye lebo ya dukani kwenye soli? Nilitaka tu nisikie atajisifia mpaka wapi. Amejisifia vizuri, ila hapo kwenye sura amezidisha."

Jamani. Alijua. Yale yote ya "msomi", "mpole", "ana adabu sana". Alijua! Nilitamani kurudi chini ya gari.

"Lakini amenitoa kwenye moto," akamaliza, sauti ikiwa imeshuka kidogo. "Angeweza kukaa kimya huko chini apone yeye. Baba Anitha, wape majibu yao. Na huyo kijana apewe sabuni, aende akanawie mbali, maana akinawa hapa nitamwona."

Posa imekubaliwa. Ndiyo, imekubaliwa! Nilipata habari hiyo kisimani, nikiwa na kipande cha sabuni ya mche, nimesimama nyuma ya mgomba, Anitha akinipigia kelele kutoka mbali kwa sababu hata yeye alicheka mpaka miguu ikakosa nguvu ya kunifuata.

Mngedhani imeishia hapo. Gari je?

Fundi wa karibu yuko Mlowo. Mjomba wake Anitha akasema hakuna tabu, akaleta jozi ya ng'ombe wake wa kulimia. Wakalifunga gari la mwendo kasi kwa mnyororo wa plau. Na hivyo ndivyo nilivyoondoka ukweni: nimeshika usukani wa gari la Kijerumani, nimevaa shati la baba mkwe linalonifika magotini, ng'ombe wawili mbele wanatembea bila haraka na kunya njiani, shangazi wote wanapiga vigelegele, na mama mkwe amesimama langoni kwa adabu kamili, ametupa mgongo, mabega yake yakitikisika kwa kicheko. Baba mdogo alikaa pembeni yangu, mkono nje ya dirisha, anapungia watu kama mbunge.

"Unaona?" akaniambia. "Nilikwambia wataisikia injini."

Basi, msinicheke. Na anayetaka kununua gari la Kijerumani la zamani, mimi simkatazi, ni gari zuri sana. Ila akae karibu na gereji na aoe mbali.